Kipimo cha pumzi kwa magonjwa ya kuzorota kwa ubongo

Kipimo cha pumzi ni uchunguzi wa kitabibu ambao mtu hupuliza hewa katika mfuko maalumu au kifaa, kisha kemikali zilizomo katika hewa hiyo hupimwa ili kutambua hali ya mwili wake. Vipimo vya namna hii vimekwisha kuzoeleka hospitalini, kwani pumzi hutumika kumgundua bakteria wa vidonda vya tumbo aitwaye Helicobacter pylori, na kwa wenye pumu hutumika kupima uvimbe wa njia za hewa. Kilicho kipya ni azma ya kuitumia kutambua magonjwa yanayoua seli za ubongo kidogo kidogo kwa miaka mingi, hasa Alzheimer, unaompokonya mtu kumbukumbu, na Parkinson, unaoleta mtetemeko na kukakamaa kwa viungo.

Ubongo umefungiwa ndani ya fuvu, nayo pumzi hutoka mapafuni. Kinachoviunganisha ni damu. Seli inapolemewa na molekuli kali za oksijeni, mafuta yanayojenga utando wake huvunjika, na katika mabaki yake huwamo kemikali nyepesi, kama vile ethani na pentani, ambazo hugeuka mvuke kwa urahisi. Kemikali hizo huchukuliwa na damu hadi mapafuni, ambako huvuka kuta nyembamba za vifuko vya hewa, kule kule inakopita kabonidioksidi, na kutoka pamoja na pumzi. Mwaka 1971 mwanakemia wa Marekani, Linus Pauling, na wenzake walionyesha kwamba pumzi ya binadamu ina takriban kemikali 250 za aina hii. Kiasi chake ni kidogo mno, aghalabu sehemu chache tu katika kila sehemu bilioni moja za hewa.

Hapa ndipo dhana hii hueleweka vibaya. Dereva anapopimwa ulevi, kifaa hutafuta kitu kimoja, yaani pombe, na jibu huwa wazi. Alzheimer haina kemikali moja inayojulikana kuwa ni yake peke yake. Kinachosomwa ni mpangilio wa kemikali nyingi kwa pamoja, baadhi zikiwa zimezidi na nyingine zimepungua, mfano wa mtu anayetambuliwa kwa sura nzima, si kwa pua peke yake. Mashine za kromatografia ya gesi zinaweza kuzitenganisha kemikali hizo na kuzipima moja moja, ila ni kubwa na huhitaji mtaalamu. Kwa sababu hiyo watafiti wengine, miongoni mwao timu ya Hossam Haick katika chuo cha Technion nchini Israel, wametengeneza pua za kielektroniki zenye vihisio vya chembe ndogo sana za dhahabu, na kompyuta hufundishwa kusoma ishara zake ili kutofautisha pumzi ya mgonjwa na ya mtu mwenye afya.

Thamani ya jambo hili, kwa maoni yangu, iko katika muda. Protini ya amiloidi huanza kujikusanya ubongoni miaka mingi kabla ya mgonjwa wa Alzheimer kuanza kusahau, na mtetemeko wa Parkinson huonekana wakati seli nyingi zinazotoa dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia kuongoza mwendo wa viungo, zimekwisha kufa. Vipimo vya kuthibitisha Alzheimer, kama vile picha za ubongo zinazotumia dawa yenye mnururisho au kuchota maji ya uti wa mgongo, ni ghali au huumiza, ingawa Mei 2025 Marekani iliidhinisha kipimo cha damu cha kusaidia kuutambua. Kupuliza hewa kungekuwa rahisi zaidi, na kungeweza kurudiwa kila mwaka bila kumwumiza mtu.

Hata hivyo, pumzi hubeba mengi yasiyohusiana na ubongo. Chakula, sigara, hewa ya chumbani, bakteria wa kinywani na wa matumboni, pamoja na uvimbe wa kiungo chochote, vyote huacha alama zake. Tatizo zito zaidi ni dawa: wagonjwa wengi wa Parkinson hutumia levodopa, na kifaa kinachowatofautisha na watu wenye afya huenda kinaitambua dawa, si ugonjwa. Tafiti nyingi zimehusisha watu wachache, na maabara hazijakubaliana hata kuhusu namna moja ya kukusanya sampuli. Kwa hiyo kipimo hiki bado kiko katika hatua ya utafiti, na hakuna mtu anayepaswa kuambiwa kwamba ana Alzheimer kwa sababu ya pumzi yake tu. Kikikomaa, nafasi yake inayoelekea zaidi ni ya chujio, yaani kuonyesha nani apelekwe kwenye uchunguzi wa kina. Ili kufika huko, watafiti wanahitaji kuwapima wagonjwa wapya kabla hawajaanza dawa, na kuwafuatilia watu wenye afya kwa miaka mingi ili kuona ni pumzi za akina nani zilibadilika kabla ya maradhi kujitokeza.