Je, kikundi huzaa hoja nyingi zaidi kabla ya insha?

Wanafunzi wengi wa lugha huamini kuwa kujadiliana kikundini kabla ya kuandika insha huleta hoja nyingi kuliko kila mtu kuwaza peke yake. Si ajabu, maana mazungumzo huchangamka. Ila majaribio mengi yaliyofanywa tangu 1958 yameonyesha kinyume. Kikundini, anayesema kwa wakati mmoja ni mtu mmoja tu. Wengine husubiri zamu, na wakisubiri husahau, au huona haya. Faida ya kikundi naiona kwingine, hasa kwenye msamiati: ukikwama, mwenzako anakupa neno.

Jaribuni darasani. Wanne wajadiliane kwa dakika 10, wanne wengine waandike kimyakimya kila mmoja kivyake. Unganisheni orodha za hao wa pili, futeni hoja zilizojirudia, kisha hesabuni.