Nyuroni za ladha: nani hasa anayeonja, ulimi au ubongo?

Chukua kipande cha embe bichi, kichovye kwenye chumvi na pilipili, kitie mdomoni. Ulimi unapokea tu. Anayetambua kwamba hiki kichachu na kina chumvi ni ubongo, kupitia nyuroni za ladha: seli za neva zinazoitikia chakula kwa mipigo midogo ya umeme.

Pilipili haimo katika hesabu hiyo. Sisi husema ndimu kali na pilipili kali, lakini ukali wa pilipili hupita kwenye neva nyingine, ile inayohisi joto na maumivu usoni na mdomoni. Ladha za msingi ni tano: tamu, chumvi, chachu, chungu na umami, yaani ule unono wa supu ya nyama, aliyoibainisha mkemia wa Japani, Kikunae Ikeda, mwaka 1908.

Seli za kuonja hukaa ndani ya vifuko vidogo sana ulimini, kila kifuko na seli 50 hadi 100. Zikiguswa na sukari huamsha neva, na ujumbe hupanda hadi shina la ubongo, ukapita thalamasi, kituo cha kupokezana ujumbe katikati ya ubongo, ukafika insula, eneo lililojikunja ndani ubavuni mwa ubongo.

Huko ndiko kwenye ajabu. Mwaka 2015 kundi la Charles Zuker wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, lilitumia mwanga kuwasha nyuroni za panya. Zilipowashwa za utamu, panya aliramba maji matupu kwa uchu. Zilipowashwa za uchungu, aliacha kunywa, akaanza kukokomoka na kujifuta mdomo, kama mtoto aliyekuta shubiri kwenye ziwa la mamaye. Ulimini hapakuwa na kitu kichungu hata chembe.

Hata hivyo, nyuroni nyingi haziitikii ladha moja tu. Katika ubongo wa panya, nyuroni ileile hubadili mipigo yake ndani ya sekunde moja au mbili: kwanza kuna kitu kimegusa ulimi, kisha ni ladha gani, mwishowe kinapendeza au hakipendezi.

Na shibe nayo ina neno lake. Kwa kima waliopewa glukosi mpaka wakaikataa, nyuroni za sehemu ya ubongo iliyo juu ya macho, zilizokuwa zikiipokea kwa nguvu mwanzoni, zilinyamaza. Sukari ilikuwa ileile.