Mchana Haukuchana Giza

Juma lililopita nilikuwa gatini hapa Lamu nikingoja mashua ya kwenda Mokowe, akaja kijana mmoja niliyemfundisha zamani, akanishika mkono na kunisalimu, kisha akaniambia: "Mwalimu, nimesoma kwamba neno mchana limetokana na kuchana, kwa kuwa jua linapopanda huchana giza." Ni mara ya nne mwaka huu kuambiwa hivyo, na kila anayeniambia ameridhika na uzuri wa picha hiyo bila kuiuliza sarufi kama inaikubali.

Sarufi haiikubali. Mchana ni nomino ya ngeli ya M-MI. Twasema mchana umepita, na michana ya kaskazi ina joto. Kitenzi kikizaa nomino ya tendo katika ngeli hiyo, kwa kawaida huishia kwa -o: kukata hutupa mkato, kupasuka mpasuko, kucheza mchezo. Kuchana kungetupa mchano. Umbo lenye m- mwanzoni na -a mwishoni ni la mtendaji, kama mpiga ngoma, na wingi wake ungekuwa wachana.

Linaloniudhi zaidi ni jibu baya linalotolewa na wenzangu wanaoipinga dhana hiyo. Wao husema kwamba Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, hutamka mtana, kwa hiyo neno haliwezi kuhusiana na kuchana. Wanasahau kwamba kuchana nako, kwa Kiamu, ni kutana. Nilimkuta mama mmoja katika mtaa wa Mkomani ameketi barazani, miyaa, yaani majani ya kusukia mikeka, imemzunguka, akiupasua kila mwaa kwa ukucha wa kidole gumba na kuuvuta hadi ncha, nyuzi zikaachana sawasawa. Alinieleza kwamba ameketi mtana kutwa akitana miyaa. Maneno yote mawili yalitoka katika kinywa kimoja, yote yakiwa na t, na hata kifaa cha kuchania nywele, ambacho hata nje ya Lamu Waswahili wanakiita kitana, kinatoa ushahidi uleule. Ch ya Kiunguja, lahaja ya Unguja, ni t ya Kiamu katika mamia ya maneno: macho ni mato, nchi ni nti, kucheka ni kuteka. Ulinganifu huo hautenganishi maneno mawili ambayo yote yanaufuata.

Basi ni lazima tuwaulize majirani. Mgiriama wa Malindi husema mutsana, na ts yake ndiyo ch yetu, kama anavyosema kutseka kwa kucheka. Tukivuka hadi Uganda, Waganda husema okuseka kwa kucheka, nao wana omusana, yaani mwanga wa jua, na emisana, yaani wakati wa mchana. Neno hili, kwa hiyo, ni la Kibantu, ni la kale kuliko Kiswahili chenyewe, na maana inayolifuata kutoka pwani hadi ziwani ni jua na mwanga wake, wala si kupasua.

Hapa nakiri ugumu ambao vitabu vya shule huupita kimya. Kuchana nywele, kwa Kiganda, ni okusanirira, na s imejitokeza tena mahali pake. Kwa sauti pekee, mizizi hiyo miwili inatembea sambamba kila tunapokwenda, na Kiswahili kimepoteza toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti katika neno, ambazo katika lugha nyingi za Kibantu hutofautisha maneno yanayofanana. Ninaitenganisha kwa ngeli na kwa maana, na naona hoja hizo zinatosha, lakini si haki kumwambia mwanafunzi kwamba sauti ndizo zilizotoa hukumu.

Kama kijana wangu anataka picha, ipo ya kweli. Twasema usiku kucha na mchana kutwa. Kucha ni kupambazuka, na kutwa ni umbo la kaskazini la kuchwa, yaani jua kuzama, ambako ndiko yalikotoka machweo. Usiku huenda mpaka kunakucha, na mchana huenda mpaka jua linakutwa. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na vitabu vikaandika mchana kwa ch, lakini kutwa yetu ilikwisha kushikamana nao. Mtu wa Dar es Salaam anaposema mchana kutwa, neno la kwanza analitamka kwa Kiunguja, na la pili kama yule mama wa Mkomani.