Feni haisukumi hewa kama ilivyoandikwa kwenye boksi

Ukiiga kwenye kompyuta jinsi kasha la vifaa vya elektroniki linavyopozwa, programu haijui hewa inaingilia wapi wala inasukumwa na nini. Unaiambia wewe, kupitia masharti ya mipaka, yaani maelezo ya kinachotokea kwenye kingo za eneo unaloiga, kama vile matundu na feni. Makosa mengi ninayokutana nayo yako hapo.

Dhana: Feni imeandikwa mita za ujazo 100 kwa saa, basi naweka 100 kwenye tundu la kuingizia hewa.

Ukweli: Namba hiyo hupimwa feni ikiwa haina kizuizi chochote. Ifunge kwenye kasha lenye wavu, nyaya na mapezi ya kupozea, mtiririko utapungua, pengine hadi nusu. Ingiza grafu nzima ya feni, ile ya mtiririko na mgandamizo, kisha iache programu itafute mahali grafu hiyo inapokutana na ukinzani wa kasha. Tuseme vifaa vinatoa wati 300. Kwa mita za ujazo 100 kwa saa, hewa ya usawa wa bahari itatoka ikiwa imepanda takriban nyuzi 9. Feni ikisukuma 55 tu, itapanda nyuzi 16. Chipu iliyo karibu na tundu la kutokea itazibeba nyuzi hizo 7 za ziada, tena wakati hewa inayopita kwenye mapezi yake imepungua kasi. Hili ndilo kosa ninaloliogopa kuliko mengine yote, kwa sababu picha inayotoka kwenye skrini hupendeza kabisa na haikuonyi.

Dhana: Mgandamizo sifuri kwenye tundu la kutokea ni ombwe.

Ukweli: Ni sifuri ya tofauti, yaani sawa na hewa ya nje. Hiyo ndiyo kawaida ya tundu lililo wazi. Usilazimishe mtiririko pande zote mbili, maana programu itakosa mgandamizo wa kurejelea.

Dhana: Wavu ni kama uwazi tu.

Ukweli: Wavu ulio wazi nusu hulazimisha hewa ipite kwenye vitundu kwa kasi maradufu au zaidi, na mgandamizo unaopotea hufuata mraba wa kasi. Uwekee ukinzani wake.

Kasha lisilo na feni nalo lisibanwe na mipaka ya uigaji, yaani kingo za eneo la hewa ambalo programu inalikokotoa. Liachie nafasi pande zote, hasa juu, hewa moto inakopanda.

Dhana: Hewa ni hewa, iwe Mombasa au Nairobi.

Ukweli: Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kwa jotoridi lilelile, hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 18. Feni inasukuma ujazo uleule lakini uzito mdogo, na zile nyuzi 9 zinakuwa 11. Weka mwinuko wa mahali kasha litakapofungwa, na ushushe mgandamizo wa grafu ya feni kwa kiwango hichohicho, kwani kwa kawaida grafu hiyo huchorwa kwa hewa ya usawa wa bahari.