Bando likiisha, kazi iendelee: dhana potofu kuhusu kufanyia kazi nyumbani

Nafanyia kazi zangu nyumbani, Mikindani, mkoani Mtwara. Nanukuu mahojiano ya sauti kuwa maandishi, nafasiri nyaraka, na msimu wa korosho ukifika nawapangia watu wa vyama vya msingi hesabu zao kwenye majedwali. Haipiti wiki bila kijana kuniuliza: dada, unatumia programu gani hadi kazi zinakwenda? Swali ni zuri. Tatizo ni imani anazokuja nazo, maana baadhi zitamla fedha na muda kabla hajaanza.

Dhana: bila intaneti ya kasi saa zote, huwezi kufanyia kazi nyumbani

Hii ndiyo inayowakatisha tamaa wengi wa huku kusini. Mei 2024 tulipata mtihani wenyewe. Mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam kule Somanga, mkoani Lindi. Hatujakaa sawa, tarehe 12 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikapata hitilafu, mtandao ukasuasua nchi nzima. Siku hizo nilikuwa na sauti ya saa mbili ya kunukuu. Niliimaliza, kwa sababu faili lilikuwa limeshashuka kwenye kompyuta na maandishi nilikuwa nayaandika kwenye Google Docs niliyokwisha kuiruhusu ifanye kazi nje ya mtandao. Mtandao uliporudi, kazi ilipanda yenyewe.

Ukweli ni kwamba nyenzo nyingi za mtandaoni zinahitaji mtandao wakati wa kuchukua kazi na wakati wa kuirudisha. Katikati hapo unaweza kuendelea bila bando. Kwa Google Docs, fungua Chrome ukiwa na mtandao, ingia kwenye mipangilio ya Google Drive, weka alama pale pa kutumia nje ya mtandao. Fanya hivyo leo. Mtandao ukishakatika, umechelewa. Kwenye simu, gusa nukta tatu kando ya faili, uchague lipatikane nje ya mtandao.

Kwa anayehitaji kusoma na kutafiti, kuna Kiwix. Ni programu ya bure inayokuwezesha kupakua Wikipedia nzima na kuisoma bila mtandao kabisa. Ya Kiswahili ni ndogo ukiilinganisha na ya Kiingereza, ambayo pamoja na picha zake inapita GB 100, kwa hiyo usiiguse kwa bando la siku. Mafaili makubwa mimi hupakua usiku, bando la usiku likiwa bei nafuu, nikiamka yapo.

Dhana: kikao cha mtandaoni lazima muonane sura

Saa moja ya video inaweza kula MB 500 na zaidi. Sauti peke yake haifiki hata MB 100. Salimia kwa video, kisha mwombe mwenyeji radhi uzime kamera. Sijawahi kukataliwa.

Dhana: kizuri ni cha kulipia, na asiye na hela atafute kilichovunjwa ufunguo

Hapa nasema kwa uchungu, kwa sababu nimeona kompyuta za watu zikifa. Kijana anapeleka laptopu kibandani, anawekewa programu ya ofisi ya wizi kutoka kwenye flashi iliyopita mashine hamsini, anarudi nyumbani na virusi. Wiki mbili baadaye mafaili hayafunguki, na hesabu za watu zilikuwa humo humo.

LibreOffice ni bure kihalali, ipo tangu 2010, inafungua na kuhifadhi mafaili ya Word na Excel, na ukishaisimika haihitaji mtandao. Jedwali lenye mapambo mengi linaweza kuhama kidogo mpangilio, kwa hiyo mteja akitaka aone lilivyo, mtumie PDF. Akaunti ya kawaida ya Google inakupa GB 15 bila malipo, zinazotosha nyaraka za miaka. Zoom ya bure hukata kikao baada ya dakika 40. Jitsi Meet, huduma nyingine ya bure ya vikao vya mtandaoni, haina ukomo huo wa dakika 40, na mgeni unayemtumia kiungo huingia bila kufungua akaunti.

Dhana: programu zikiwa nyingi, kazi zitakuwa nyingi

Hapana. Nilipoanza nilikuwa na programu tatu za kupanga kazi, na asubuhi yangu ilikuwa ikiishia kuzihamisha kazi kutoka moja kwenda nyingine. Sasa nina kalenda ya simu kwa tarehe za kukabidhi na daftari la mistari kwa mambo ya leo. Basi.

Dhana: fanya kazi dakika 25, pumzika 5, la sivyo umekosea

Utaratibu huo unaitwa Pomodoro. Aliubuni Mwitaliano Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 1980, akitumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Unamsaidia sana mtu anayeshindwa kuanza. Lakini kunukuu sauti kunataka sikio lizame, na kengele ikilia dakika ya 25 inanitoa nilipokwisha kuzama. Mimi siku yangu naigawa kwa adhana. Kazi nzito ni baada ya alfajiri hadi jua lipande, majibu ya barua pepe kabla ya adhuhuri, na joto la mchana, ambalo mwenye bati la chini analijua, nalipisha hadi alasiri. Chukua saa ya nyanya au chukua adhana, mradi ujue unaanza lini na unaacha lini.

Dhana: anayeshinda nyumbani hana kazi

Hii haina programu ya kuitibu. Bibi jirani alikuwa akiingia wakati wowote na sahani ya ming'oko ya moto, vile viazi vyetu vya porini, na kwa adabu yetu huwezi kumwacha mkubwa amesimama mlangoni ukaendelea kuchapa. Siku moja nilimkalisha, nikamvalisha spika za masikioni, akasikiliza mahojiano ninayoyanukuu, akaona maneno yanavyoingia kwenye skrini moja moja. Alikaa kimya kitambo, kisha akauliza: "Yote haya unayaandika wewe?"

Siku hizi huanzia dirishani. "Mwanangu, umetoka kazini?"

"Shikamoo bibi. Nimetoka."

Ndipo sahani inaingia.