Mabaka ya mwasho yasiyokwisha: kidonge ni cha kila siku

Joto la kaskazi likishika Mombasa, kati ya Desemba na Machi, watu huja duka la dawa wakijikuna hata kabla ya salamu. Maswali yao hayatofautiani sana.

Nina mabaka tangu kabla ya Mwaka Mpya. Jioni yanachomoza, asubuhi siyaoni. Si harara hii?

Harara ni vipele vidogo vya jasho, na hukaa palepale siku kadhaa. Haya yako yamevimba kama umeumwa na mbu kumi mahali pamoja, tena yanahama. Chukua kalamu, zungushia baka moja kwa wino saa mbili usiku. Kesho wakati kama huo duara litakuwa tupu, ingawa jengine huenda limeota mgongoni. Baka linalopita saa 24 bila kufutika, linalouma kuliko kuwasha, au linaloacha alama kama ya kuvilia damu, mwoneshe daktari; hilo ni jambo jengine. Yakija siku nyingi za wiki kwa wiki 6 au zaidi, huitwa urtikaria sugu.

Nimeacha kamba, pweza, mayai na maziwa. Mbona bado?

Kwa sababu huenda vyakula hivyo vinasingiziwa. Aleji ya chakula huja upesi, aghalabu ndani ya saa mbili, na hurudi kila ukila kitu kile. Mabaka yanayokuja siku umekula wali mtupu hayana haja ya pweza. Kwa wengi wenye hali hii, kinga ya mwili wenyewe ndiyo inayozichokoza seli za ngozini zinazohifadhi histamini, kemikali inayoleta mwasho na uvimbe. Si damu chafu, wala si jicho la mtu.

Ila samaki ana kesi yake. Jodari aliyekaa juani bila barafu hujaa histamini, na kumkaanga hakuiondoi. Walaji wakawa wekundu usoni na kuumwa kichwa muda mfupi baada ya kula, mara nyingi zaidi ya mmoja mezani. Hiyo ni sumu ya samaki aliyeharibika, si aleji yako.

Yanatoka pale mkanda wa mkoba unaponibana, na nikitoka jasho kwenye kivuko cha Likoni.

Joto, jasho na kubanwa huchochea. Jaribu hivi: pitisha ncha ya ufunguo polepole mkononi, kama unayeandika. Mstari ukiinuka mwekundu baada ya dakika chache, ngozi yako ni ya kuchokozeka. Vaa nguo pana za pamba chini ya buibui na uoge maji ya baridi kiasi.

Kagua na dawa zako pia. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huwazidishia baadhi ya watu. Kwa maumivu, parasetamoli kwa kawaida ni salama zaidi. Dawa za presha kama enalaprili zinaweza kuvimbisha midomo na ulimi. Usiziache mwenyewe, lakini mwambie daktari leo, si kliniki ijayo; ulimi ukishavimba, nenda hospitali papo hapo.

Kwa nini nimeze kidonge kila siku, na leo sina hata baka moja?

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Histamini ikishamwagika hukimbilia vituo vyake kwenye ngozi na mishipa. Vidonge vya kuzuia histamini, yaani setirizini, loratadini au feksofenadini, kazi yake ni kuvikalia vituo hivyo mapema. Ukisubiri mpaka mabaka yajae, umeezeka makuti mvua ishaanza. Anayemeza siku anayowashwa tu hurudi kuniambia dawa haifanyi kazi, na pakiti yake bado ina vidonge saba kati ya kumi.

Kwa mtu mzima kipimo cha kawaida ni kimoja kwa siku: setirizini au loratadini miligramu 10, feksofenadini 180. Kikishindwa baada ya wiki 2 hadi 4, daktari anaweza kukipandisha, hata mara nne. Nasema daktari, si jirani. Mwenye maradhi ya figo hupunguziwa setirizini.

Piriton je? Ndiyo tuliyoizoea.

Inatuliza mwasho, na inalaza. Dereva wa tuktuk hana biashara nayo. Setirizini nayo huwapa wengine usingizi, basi imeze usiku.

Na Ramadhani?

Kidonge kimoja hakigombani na saumu. Kimeze baada ya kufuturu au wakati wa daku, mradi saa isibadilikebadilike. Mwenye feksofenadini ateremshe kwa maji matupu: juisi ya machungwa au tufaha huipunguza dawa kuingia mwilini.

Sindano ile ya mara moja ilinimaliza mwasho wote. Sirudi kuchomwa?

Mara nyingi hiyo huwa ni steroidi, dawa kali ya kuzima uvimbe. Mara moja kwa mlipuko mkali, sawa. Kila mwezi, hapana: hupandisha sukari na presha, na kudhoofisha mifupa. Wasiosaidiwa na vidonge wana sindano nyengine, omalizumabu, kila wiki 4 chini ya mtaalamu. Bei yake ni kali.

Nitajuaje kuwa ni hatari?

Ulimi kuvimba, sauti kukwaruza, pumzi kubana, kuzimia. Usitafute kidonge, tafuta gari. Hospitali watachoma adrenalini pajani. Mgonjwa alale miguu juu, isipokuwa anayeshindwa kupumua, huyo akae.

Nitameza mpaka lini?

Huwa hupoa yenyewe, kwa wengine ndani ya mwaka, kwa wengine miaka kadhaa. Kwenye kalenda ya ukutani andika kila jioni alama 0 (hakuna) hadi 3 (mengi mno) kwa mabaka, na 0 hadi 3 vivyo hivyo kwa mwasho. Jumla ya wiki haivuki 42; ikibaki 6 au chini, dawa inashika. Miezi ikipita bila baka, ing'oe kalenda uende nayo kwa daktari, mpunguze dozi pamoja.