Jumuiya ndogo ndogo na zile hatua saba tunazozirukaruka

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Mimi ni katekista huku Kanda ya Ziwa, na pamoja na kufundisha wakatekumeni, yaani watu wazima wanaojiandaa kubatizwa, na watoto wa komunyo ya kwanza huwa nawezesha semina za viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, yaani vile vikundi vya familia Katoliki za jirani vinavyokutana kila wiki kusali na kusikiliza Neno. Swali ambalo halikosekani semina yoyote ile ni hili, "Katekista, watu hawaji jumuiya, tuwafanyeje?" Na mara nyingi anayeuliza ameshakuja na jibu lake mfukoni, anataka tu nimuunge mkono, faini, au jina lisomwe kanisani, au mtoto wake asibatizwe mpaka alete barua ya jumuiya.

Mimi huwa nauliza kwanza, mkikutana mnafanya nini? Hapo kunakuwa kimya kidogo halafu unaanza kusikia ukweli. Tunasali Rozari haraka haraka, injili inasomwa na mtu mmoja, "tumshukuru Mungu", kisha anasimama katibu na daftari, mahudhurio, zaka, mchango wa nyumba ya mapadre, mchango wa jubilei ya sista fulani, rambirambi, nani hajatoa, na hayo ya daftari ndio yanachukua muda mrefu kuliko Neno na sala vikiwekwa pamoja. Sasa mtu amelala saa tano usiku, ni Jumamosi alfajiri saa kumi na mbili na nusu, ana biashara yake sokoni inamsubiri, kweli aje asomewe madeni?

Naomba niseme jumuiya zilitoka wapi, maana viongozi wengi wamezikuta tu na wanadhani ni nyumba kumi za Kanisa, yaani njia ya paroko kuwafikia watu kwa matangazo. Wakongo walikuwa wameshaanza na jumuiya hai zao tangu miaka ya 60. Huku kwetu maaskofu wa AMECEA, yaani wa nchi zetu za Afrika Mashariki pamoja na majirani kama Malawi na Zambia, walikutana Nairobi mwaka 1973 wakakubaliana kwamba maisha ya Kanisa lazima yasimame kwenye jumuiya ndogo za watu wanaojuana, na mwaka 1976 wakakutana tena Nairobi wakafanya ujenzi wa jumuiya hizo kuwa kazi ya kwanza kabisa. Fikiria hali ilivyokuwa, parokia moja ina vigango vingi, yaani makanisa madogo yaliyo chini yake, vya mbali, padre anafika na pikipiki au Land Rover mara moja moja, anaadhimisha misa, anaungamisha, anabatiza, anaondoka. Katikati ya hapo nani anakaa na mgonjwa? Nani anawapatanisha mke na mume? Nani anajua kwamba nyumba ile ya pembeni hawajala tangu jana? Kwa hapa Tanzania wazee wanamkumbuka Askofu Christopher Mwoleka wa jimbo la Rulenge, ambaye aliliamini hili jambo kiasi cha kwenda kuishi na wanakijiji kwenye kijiji cha ujamaa.

Halafu ikaja Sinodi ya Afrika, yaani mkutano wa maaskofu kuhusu Kanisa la Afrika, mwaka 1994, ikaliita Kanisa Familia ya Mungu, na mwaka uliofuata Papa Yohane Paulo wa Pili akatia saini kule Yaoundé waraka wake, Ecclesia in Africa. Namba 89 inazungumzia jumuiya moja kwa moja, kwamba ni mahali pa kusali, kusikiliza Neno, kujifunza kubeba majukumu na kuyatazama matatizo ya watu kwa mwanga wa injili. Huwa nawaambia viongozi waisome polepole hiyo namba, kisha waniambie wameona wapi daftari la michango.

Sasa njoo kwenye hatua saba, yaani njia ya kusoma injili na kushirikishana kwa pamoja. Hizi zilitengenezwa Taasisi ya Lumko Afrika Kusini, waliozifanyia kazi sana ni mapadre wawili Wajerumani, Fritz Lobinger na Oswald Hirmer, ambao baadaye wote wawili wakawa maaskofu hukohuko. Tunamkaribisha Bwana, tunasoma, tunachagua maneno na kuyarudia, tunakaa kimya, tunashirikishana, tunaangalia Bwana anatutuma kufanya nini, tunasali. Basi. Haihitaji padre wala diploma, inahitaji Biblia na mtu wa kuongoza asiyependa kuhubiri.

Hatua ya tatu ndio inaniuma zaidi kwa jinsi tunavyoiruka. Baada ya somo kila mtu anatafuta neno au kifungu kifupi kilichomgusa anakitamka kwa sauti mara tatu, na kati ya mara na mara mnaacha kimya. Bila maelezo yoyote. Oktoba 2024 Dominika ya 30 injili ilikuwa ya Bartimayo kipofu, Marko 10, na mimi nilikuwa nimealikwa kwenye jumuiya moja ambayo ndio kwanza ilikuwa inajaribu njia hii. Kijana mmoja akatamka "jipe moyo, inuka, anakuita". Mzee mmoja, "unataka nikufanyie nini". Halafu mama mmoja aliyekaa mlangoni, na huyu kwa walivyoniambia hajawahi kuongea jumuiya hata siku moja, akasema "wakamkemea ili anyamaze", akarudia, akarudia tena. Jamani ile mara ya tatu hakuna mtu aliyekuwa anaangalia simu. Ilipofika hatua ya tano akaeleza kwa sentensi mbili tatu tu, kwamba tangu alipofiwa mume hajaweza kutoa michango na kila akija jina lake linasomwa kwenye wadaiwa, kwahiyo ameamua kukaa kimya.

Hatua ya sita ndio ikawa kazi. Mwenyekiti, mama mtu mzima mwenye hekima, hakujitetea wala hakumjibu, aliuliza tu "Bwana anatutuma kufanya nini wiki hii?" Wakakubaliana majina ya wadaiwa yasisomwe tena, mhazini atamfuata mtu kwake kwa faragha, na watu wawili wakatajwa kwa majina kabisa waende shambani kwa yule mama siku ya Jumanne kumsaidia kuandaa shamba kabla mvua hazijakolea. Jina na siku. Bila jina na siku hatua ya sita inageuka kuwa "tupendane ndugu zangu" na mnaondoka kama mlivyokuja.

Najua kuna mtu hapo anasema Katekista unataka watu wasichangie Kanisa. Hapana. Kanuni ya 222 ya Sheria za Kanisa inasema waamini wana wajibu wa kulitegemeza Kanisa, na mimi zaka natoa na nafundisha watu watoe. Ila sheria hizohizo, kanuni ya 843, zinasema mhudumu hawezi kumnyima sakramenti mtu anayeiomba kwa wakati ufaao, aliye tayari ipasavyo na asiyezuiliwa na sheria, na kanuni ya 848 inataka wenye shida wasikose sakramenti kwa sababu ya umaskini. Kuhusu mazishi soma kanuni ya 1184 inayotaja wanaonyimwa mazishi ya Kanisa, wamo walioasi imani waziwazi na wadhambi wa wazi ambao mazishi yao yangeleta kashfa kwa waamini, na hata hao kama walionyesha dalili ya toba kabla ya kufa hawanyimwi. Sijaona humo mtu aliyekosa jumuiya kwa sababu analinda usiku getini. Barua ya jumuiya ina maana yake, inamsaidia paroko kujua huyu ni nani na mtoto atalelewa na nani kiimani, lakini ikitumika kama fimbo inazaa watu wanaokuja miezi mitatu kabla ya ubatizo wa mtoto halafu huwaoni tena mpaka kipaimara. Na msiba ukitokea kwa mtu wa aina hiyo, nendeni. Bebeni maji, pikeni, simamieni sala za usiku, imbeni. Kumzika maiti ni tendo la huruma, halina sharti la mahudhurio.

Rozari nayo isiachwe, hasa Mei na Oktoba, na Kwaresima Njia ya Msalaba ya kuzunguka nyumba kwa nyumba inajenga sana, watoto wanaipenda wanapopokezana kubeba msalaba. Ninachoomba ni kwamba jumuiya ya kila wiki Neno lipate nusu saa yake kamili, matangazo yaje mwishoni na yasizidi dakika kumi. Jumuiya ikiwa na familia arobaini igawanyeni, maana watu wengi kiasi hicho hawawezi kushirikishana, wataongea walewale watano. Muda nao unazungumzika, kuna jumuiya za mjini zimehamia Jumapili jioni na vijana wamerudi, hakuna sheria ya Kanisa inayosema alfajiri.

Wanaouliza kuhusu jumuiya ya kwenye WhatsApp, kwa walio mbali nje ya nchi au kazini itumieni, mtu mmoja atume injili ya Dominika, wengine warekodi neno lao kwa sauti, tumeshajaribu na inakwenda. Ila hatua ya sita lazima mtu aliye karibu na mhitaji atajwe kwa jina, kwa sababu kuna kazi simu haiwezi, na mgonjwa anayetaka kupelekewa komunyo lazima kuna mtu amwone kwa macho ndio ampigie paroko.